Kujichagulia Jina Jipya Lisiloegemea Jinsia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mzima anayetaka kujiita jina jingine, na asingependa jina hilo limtangulie kumtangaza kuwa ni mwanamume au mwanamke. Majibu ni marefu pale watu wanapokwama, na mafupi pale ambapo hakuna la kubishania.

Jina lisiloegemea jinsia ni lipi hasa?

Ni jina ambalo mtu akilisikia kabla hajakuona hawezi kukata kauli kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Nimesema akilisikia kwa makusudi. Jinsia haikai ndani ya jina. Inakaa masikioni mwa watu. Wengi hupotea hapo. Huchukua orodha, huokota jina lililoandikwa kuwa ni la wote, kisha hushangaa kila wanayekutana naye anapolichukulia kuwa la kike.

Andrea nchini Italia ni mwanamume, ila ukivuka kuingia Ujerumani aghalabu ni mwanamke. Simone ni mwanamume kwa Waitaliano, mwanamke kwa Wafaransa. Jean ni mwanamume Ufaransa, na kwa wanaozungumza Kiingereza ni mwanamke. Nikita wa Urusi ni mwanamume, Nikita wa India ni mwanamke. Majina hayo hayakubadilika hata herufi moja, masikio tu ndiyo yaliyobadilika.

Wakati nao una kazi yake. Evelyn, Beverly, Shirley na Ashley yaliwahi kuwa majina ya wanaume katika Kiingereza. Yakaanza kupewa watoto wa kike, na baada ya vizazi kadhaa wazazi wengi wakaacha kuwapa wavulana. Mwendo huu karibu kila mara huelekea upande mmoja: jina la kiume huhamia kwa wasichana, na likishahamia ni nadra kurudi. Kwa hiyo jina ambalo leo linasikika katikati linaweza kuwa limeinama ukifika uzeeni. Hilo lisikutishe, ila lijue.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Neema na Baraka ni nomino za kawaida na sarufi yetu haina habari na jinsia. Lakini mtaje Neema mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili na karibu wote watamfikiria msichana; mtaje Baraka na wengi watamfikiria mvulana. Ukitafuta jina, jiulize litasikikaje kwa watu utakaoishi nao. Orodha iliyoandikwa na mtu wa mbali haiwezi kukujibia.

Lazima niwe na sababu maalumu?

Hapana. Wako wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake, na jina walilopewa utotoni linawachoma kila linapotajwa. Wako wanaojiona barabara kuwa wanawake au wanaume, ila wamechoka kupimwa kabla hawajafungua mdomo. Wako wanaotaka barua zao za kuomba kazi zisomwe kwa sifa zilizomo. Wako ambao bado wanajitafuta, na wanahitaji jina lenye nafasi wakati wakitafakari. Zote hizi ni sababu za kutosha. Hata asiyeweza kuieleza sababu yake kwa maneno anayo haki ile ile, maana jina atalibeba yeye.

Nianzie wapi?

Anza na jina ulilo nalo, hata kama hulipendi. Liandike, kisha litazame kipande kwa kipande. Huenda kinachokuumiza ni silabi ya mwisho tu. Alexander na Alexandra wote wana Alex ndani yao. Christopher na Christina wana Chris. Samweli na Samira wana Sam. Kukata jina kuna faida ambayo watu huipuuza: ndugu na marafiki hawalazimiki kujifunza kitu kipya kabisa. Midomo yao inaanza njia ile ile waliyoizoea, kisha inasimama mapema. Mtu asiyetaka vita na familia yake, mimi humshauri ajaribu njia hii kabla ya nyingine zote.

Ya pili ni kubakiza herufi ya kwanza. Aliyekuwa Rehema anakuwa Riziki, aliyekuwa Tito anakuwa Tumaini. Inaonekana ni jambo dogo, lakini sahihi yako inaanza vile vile, na herufi za mwanzo za majina yako zinabaki zilivyo kwenye anwani ya barua pepe na popote ulipozoea kuzitumia.

Ya tatu ni kufuata maana. Said na Saida ni jina moja lililogawanywa kwa jinsia, na yote mawili yanabeba furaha na bahati njema. Mwenye jina hilo anaweza kujiita Furaha au Bahati na bado akamwambia mzazi wake, kwa ukweli kabisa, kwamba dua aliyoombewa siku ya kuzaliwa hajaiacha. Hakuna njia inayotuliza mioyo ya wazazi kuliko hii.

Halafu kuna majina ambayo tayari unayo. Jina la katikati usilolitumia. Jina la ukoo lililokaa mwishoni miaka yote na linaweza kusogea mbele. Jina unaloitwa na mtu mmoja tu anayekupenda, ambalo ukilisikia unageuka bila kufikiri. Hilo la mwisho usilidharau. Watu huhangaika mbali sana kutafuta jina, na kumbe kuna mtu amekuwa akiwaita vizuri siku zote.

Ninachokuomba usifanye ni kuanza na orodha ya majina mamia. Ukianza nayo utachoka, na uchovu utakuchagulia jina. Orodha ifungue baadaye, ukishajua unataka kitu cha namna gani: kifupi au kirefu, cha imani yako au kisicho na dini, cha kawaida kisichozua maswali au cha pekee ambacho hakuna mwingine analo.

Majina gani ya Kiswahili yanafaa?

Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, kwa kuwa nomino zetu nyingi hugeuka majina ya watu bila kubadilika umbo. Bahati, Tumaini, Furaha, Riziki, Faraja, Nuru, Zawadi, Imani na Amani yote yana wanaume na wanawake wanaoyatumia. Hata humo yapo yanayoinama kidogo: Zawadi na Imani hukutwa zaidi kwa wanawake, Amani zaidi kwa wanaume. Rehema, Neema, Subira na Pendo yameshazoeleka upande wa kike kiasi kwamba utakuwa unaeleza kila siku. Kama umelipenda mojawapo ya haya kwa dhati, lichukue, ila ujue unachukua na kazi ya kueleza.

Zipo pia nomino ambazo hazijazoeleka kama majina: Bahari, Wimbi, Anga, Hekima, Alfajiri. Nguvu yake ni kwamba hakuna sikio lililokwisha kuzigawa. Taabu yake ni kwamba utaulizwa mara mbili, na mara ya kwanza mtu atadhani amesikia vibaya. Kwa mtu mpole asiyependa kuulizwaulizwa, sioni kama ni chaguo jema. Kwa anayefurahia kueleza, ni majina mazuri mno.

Lugha yenyewe iko upande wako. Viwakilishi vyetu havina jinsia: "amefika" ni amefika, awe nani. Mtu anaweza kuzungumza habari zako mchana kutwa kwa Kiswahili fasaha bila kulazimika kusema wewe ni wa upande gani. Wanaoishi katika Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu hawana raha hiyo, kwa sababu huko jina likikaa kimya bado kiwakilishi au kitenzi kitasema. Kwetu sisi mzigo karibu wote uko kwenye jina, na kwenye maneno machache ya undugu ambayo nitayarudia hapa chini.

Naweza kuchukua jina la lugha nyingine?

Unaweza, na baadhi ya lugha zina desturi pana ya majina ya wote. Kishona kina Tendai, Tatenda na Tafadzwa. Kiyoruba kina Ayo, Temitope na Olamide. Waturuki wana Deniz, yaani bahari. Wajapani wana Hikaru na Makoto. Watibeti wengi, wake kwa waume, huitwa Tenzin. Warusi humwita Sasha yeyote aliyebatizwa kwa jina la Alexander au Alexandra.

Kabla ya kuchukua, chunguza mambo mawili. La kwanza ni kama jina linatoa habari usiyoijua. Kofi wa Waakan wa Ghana ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa; mwanamke wa siku hiyo ni Afua. Kwa sikio la mgeni Kofi linaweza kusikika kama jina la yeyote, lakini kwa wenyewe limekwisha kutaja jinsia na siku. Lugha nyingine huweka jinsia mwanzoni kabisa mwa jina: Otieno na Atieno kwa Wajaluo, Kiprono na Cherono kwa Wakalenjin. Ukitoka nje ya lugha unayoimudu, tafuta mzungumzaji wake na umuulize waziwazi: ukilisikia jina hili, unamwona nani?

La pili ni heshima. Yapo majina yanayotolewa kwa ibada, kwa ukoo fulani, au kwa mtu aliyepitia jambo fulani. Hayo si ya kuokota kwa sababu yanapendeza masikioni. Kama wenye jina wangehuzunika kukusikia ukiitwa hivyo, liache. Majina ya kuchagua ni mengi.

Na jina la mwisho je? Langu linafichua jinsia.

Hili husahaulika, na huharibu kazi nzuri iliyofanywa mwanzoni. Masikh wanaonyesha jambo hili kwa uwazi: majina yao ya kwanza, kama Gurpreet na Harjit, hutumiwa na wote, lakini Singh linalofuata ni la wanaume na Kaur ni la wanawake. Kirusi na lugha za jirani zake hubadilisha mwisho wa jina la ukoo, Ivanov akawa mwanamume na Ivanova mwanamke. Nchini Iceland mtoto hubeba jina la mzazi likiwa na kiambishi cha "mwana wa" au "binti wa". Sheria ya mwaka 2019 iliwaruhusu waliosajiliwa bila kutaja mwanamume wala mwanamke watumie kiambishi cha tatu, -bur, chenye maana ya mtoto tu.

Kama jina lako la mwisho ni la babu au la baba, kwa kawaida halisemi lolote kuhusu wewe. Kila mtu anajua ni la mzazi. Lakini ukiwa unatumia mawili tu, na la pili ni la kiume sana, mgeni anaweza kulishika hilo. Yaandike yote pamoja kwenye karatasi, mpe mtu asiyekujua ayasome, na umuulize alimfikiria nani.

Nitajuaje kwamba jina limenifaa?

Kwa kuishi nalo kabla ya kulipeleka kwenye ofisi yoyote. Kulisoma kimya kimya hakutoshi, maana kila jina ni zuri likiwa kwenye karatasi.

Mpe rafiki mmoja unayemwamini kazi ya kukuita hivyo. Asikuite kwa upole tu mkiwa mmeketi. Akuite kutoka chumba kingine, akuite ukiwa na usingizi, akuite akiwa amekasirika. Msikilize silabi anayoivuta. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo inayobeba sauti mtu anapoitwa kutoka mbali: Tumaiini, Faraaja. Jina linaloishia na konsonanti mara nyingi litaongezewa irabu kinywani mwa watu, Alex akawa Aleksi, Robin akawa Robini. Ukiona umbo hilo linakukera, bora ulijue sasa.

Kisha keti na kalamu uandike sahihi mpya. Mwanzoni mkono utakataa. Utaandika herufi ya kwanza vizuri, ukifika katikati kalamu itasita ikitafuta njia ya zamani, na mstari wa mwisho utatoka umejikunja. Endelea hadi mkono uache kusita. Watu wengi hujua jina ni lao katika zoezi hili hili, kwa sababu kuna jina linaloteremka na kuna jina ambalo hata baada ya ukurasa mzima bado unalichora.

Jaribio la tatu ni la simu. Piga mahali ambapo hawakujui, ujitambulishe, uwaache walirudie. Sauti yako itakufichua: kama unalitaja haraka haraka ili lipite, au unashusha sauti ukilifikia, kuna kitu hakijakaa. Usilihukumu kwa siku ya kwanza, kwani siku ya kwanza kila jina jipya lina aibu yake. Lipe majuma kadhaa.

Na fikiria chumba cha kusubiri hospitalini. Karani anafungua mlango, anatazama faili, anataja jina kwa sauti mbele ya watu waliojaa kwenye viti, nawe unasimama. Unajionaje unaposimama? Kwa wengi waliotafuta jina jipya, chumba hicho ndicho kilichowafanya waanze kutafuta, kwa hiyo ni haki jina jipya lipimwe humo.

Nikilichoka, naweza kubadilisha tena?

Ndiyo. Wengi hupitia jina moja au mawili kabla ya kutulia, na hujamwibia mtu kitu kwa kujaribu. Ndiyo maana nasisitiza hatua za kisheria zije mwisho. Marafiki watakuvumilia ukibadilisha mara ya pili, lakini ofisi zitakutoza ada tena, na sheria nyingine zina muda wa kungoja.

Nitawaambiaje wazazi na ndugu?

Hapa sina njia ya mkato ya kukupa, ila nina mambo ninayoyaamini.

Mzazi anaposikia kwamba unaacha jina alilokupa, mara nyingi anachosikia ni kwamba unamwacha yeye. Huenda jina hilo ni la mama yake aliyefariki. Huenda alilichagua usiku akiwa amekupakata. Na katika jamii ambazo mzazi huitwa kwa jina la mtoto, jina lako ni jina lake pia. Amekuwa Mama Fulani kwa miongo, na sasa unamgusa na yeye. Ukilijua hilo hutashangaa machozi, wala hutayachukua kuwa ni chuki.

Kwa hiyo anza na shukrani, na uitoe kwa moyo. "Mama, jina mlilonipa nalishukuru, na najua lilitoka wapi. Naomba kuanzia sasa mniite Tumaini." Halafu nyamaza. Usilundike maelezo, kwani kila maelezo ni mlango wa mabishano, na jina si shauri la kupigiwa kura. Akiuliza, jibu alichouliza. Kama kuna mkubwa katika ukoo ambaye wengine humsikiliza, shangazi, mjomba au bibi, zungumza naye mapema peke yake. Neno moja kutoka kwake litafanya kazi ambayo wewe ungeifanya mwaka mzima.

Wengine humwomba mzazi ashiriki: wanaleta majina matatu wanayoyakubali wenyewe na kumwomba achague moja. Naipenda njia hii pale mapenzi yapo na kinachokosekana ni mazoea tu. Pasipo na mapenzi, usiwape watu kura juu ya jina lako.

Kuhusu maneno ya undugu, Kiswahili kinatubana kwenye kaka na dada, shangazi na mjomba, lakini kinatuachia ndugu, mdogo wangu, mkubwa wangu, binamu, mpwa, mwanangu, mjukuu na mzazi. Waambie watu wako lipi unalipenda. "Huyu ni mdogo wangu, Tumaini" ni sentensi iliyokamilika na yenye heshima zote. Kwenye barua na mikutano, Ndugu linakaa vizuri mahali pa Bwana au Bi, na wenye vyeo vya kazi, kama Daktari na Mwalimu, hawahitaji kingine.

Sasa neno zito. Kama unategemea nyumba ya watu au ada ya watu, na una sababu ya kuamini kwamba habari hii itakufukuzisha au itakuletea kipigo, huna deni la kuwaambia leo. Litumie jina kwa marafiki wanaoaminika, libaki huko hadi uwe na mahali pako. Unyamavu wa kujilinda si uongo. Na jina lisiloegemea jinsia linakupa nafasi ambayo majina mengine hayatoi: linaweza kuingia nyumbani kama jina la utani tu, bila tangazo, likazoeleka.

Watu wakikosea kila mara nifanyeje?

Tenganisha ulimi na nia. Aliyekuita jina moja miaka ishirini atateleza, atajirekebisha, atateleza tena. Msahihishe kwa neno moja, yaani jina lako, na mazungumzo yaendelee. Usimlazimishe aombe radhi kirefu, maana utaishia kumfariji yeye. Anayekosea kwa makusudi utamjua kwa tabasamu lake. Huyo mwambie waziwazi mara moja mkiwa wawili, na asiposikia, punguza nafasi yake maishani mwako kadiri unavyoweza.

Kazini na shuleni nianze na nani?

Anza na mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha kinachoonekana: orodha ya mahudhurio, anwani ya barua pepe, kitambulisho cha mlangoni. Jina likibadilika kwenye orodha, watu hulifuata bila mjadala, lakini ukianza na maneno tu orodha itaendelea kukukanusha kila asubuhi. Uliza ni kumbukumbu zipi zinazohitaji jina la kisheria, kwa mfano malipo, kodi, bima na pensheni, na zipi zinaruhusu jina unalolitumia. Katika sehemu nyingi, hizo za pili ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kubadilisha jina kisheria kunahitaji nini?

Kila nchi ina njia yake, ila kwa jumla ni tatu. Kuna nchi ambazo mtu mzima hutia sahihi hati ya kuacha jina la zamani na kutwaa jipya mbele ya shahidi au mwanasheria, na baadhi yake hudai hati isajiliwe na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Kuna zinazotaka upite mahakamani ueleze sababu. Na kuna zinazomaliza kila kitu kwenye ofisi ya usajili wa vizazi.

Baadhi ya nchi ziliwahi kudai kwamba jina lenyewe lionyeshe jinsia. Ujerumani ilikuwa hivyo katika utendaji, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2008, katika shauri la mtoto wa kike aliyepewa jina la Kiran, kwamba hakuna ulazima huo. Iceland iliondoa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume kwa sheria ile ya 2019. Argentina tangu 2012 inamruhusu mtu kubadilisha jina na jinsia kwenye kumbukumbu bila kwenda mahakamani. Ujerumani nayo, tangu tarehe 1 Novemba 2024, inampa mtu nafasi hiyo kwa tamko kwenye ofisi ya usajili, akitoa taarifa miezi mitatu kabla. Akishabadilisha, lazima upite mwaka mzima kabla ya kubadilisha tena.

Unapokwenda kuuliza kwenu, uliza haya: Je, kuna majina yanayokataliwa? Tangazo la hadharani ni lazima? Cheti cha kuzaliwa chenyewe kitaandikwa upya, au kitaambatanishwa na hati? Hilo la tangazo lina uzito wa pekee kwa mtu ambaye hajawaambia watu wake.

Angalia pia urefu na herufi. Chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44, na kwenye ule wa kwanza nafasi za majina yako yote ni 39 tu. Herufi zinazokubaliwa humo ni A hadi Z. Kwa hiyo ritifaa ya kwenye ng' hudondoka, na kistari hugeuka kuwa alama ya kujazia nafasi, <. Ukijichagulia majina marefu manne, mashine itayakata.

Jina jipya litabadilisha alama ya jinsia kwenye hati zangu?

Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti na mara nyingi yana fomu mbili. Kanuni za kimataifa za pasipoti zinatambua alama ya X kwa jinsia isiyotajwa, lakini kuitoa au kutoitoa ni uamuzi wa kila nchi. Ndiyo sababu jina lisiloegemea jinsia huwafaa hata wale ambao nchi zao haziruhusu alama ibadilike: hati inabaki na herufi yake, ila jina linaloitwa kwa sauti halisemi neno.

Nibadilishe hati zipi kwanza?

Kitambulisho cha taifa au hati inayokitangulia, kisha benki, kisha laini ya simu, maana siku hizi akaunti nyingi hufunguliwa kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini. Pasipoti isogeze mbele au nyuma kulingana na safari: jina kwenye tiketi ya ndege sharti lilingane na jina kwenye pasipoti, kwa hiyo usikate tiketi kwa jina moja ukiwa katikati ya kuomba pasipoti ya jina jingine. Vyeti vya shule ndivyo vigumu zaidi. Mabaraza mengi ya mitihani hayaandiki upya, na utatembea na cheti cha zamani pamoja na hati ya kubadilisha jina. Usisahau bima, hati za ardhi, na wosia wowote unaokutaja. Mwandikie aliyekutaja, umpe nakala, ili siku ya mirathi asitokee mtu wa kudai kwamba mrithi aliyeandikwa si wewe.

Nifanyeje na jina la zamani?

Kwenye vinywa vya watu una haki ya kuomba liishe. Kwenye makaratasi litaendelea kuwapo muda mrefu, hivyo lipange mwenyewe kabla halijakupanga. Tengeneza bahasha moja: nakala kadhaa zilizothibitishwa za hati ya kubadilisha jina, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha zamani kama umeruhusiwa kubaki nacho, na orodha ya kila mahali ulipowahi kusajiliwa kwa jina lile. Piga picha za zote na uziweke mahali salama. Mtandaoni, badilisha jina linaloonekana kwanza, kisha anwani ya barua pepe, lakini anwani ya zamani usiifunge mapema. Iache ipokee na kuhamishia barua kwenye mpya, kwa sababu benki, shule na watu wa zamani wataendelea kuandika huko, na baadhi ya akaunti hazirudishiki bila hiyo.